Wapangaji Chini ya Misindano

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wapo watu wa safari, wapo watu wa sokoni, na wapo watu kama mimi, ambao wakishafungua banda la kuku, wakachemsha chai na kuvuta kigoda karibu na moto, wanaona siku imekamilika na kilichobaki ni kusubiri giza. Kijiji chetu kiko upande wa Kichiwa, si mbali na Makambako, na baridi ya huku inamtetea mtu wa aina yangu. Hakuna anayekuuliza kwa nini umejikunyata jikoni mwezi wa Juni. Tatizo ni kwamba mimi hujikunyata jikoni hata Oktoba.

Kwa hiyo mdogo wangu wa kike alipokuja kutafuta mlinzi wa utafiti wake, hakuhangaika kutafuta mbali.

Mdogo wangu ni mwalimu wa baiolojia, sekondari, Makambako. Mimi niliishia kidato cha nne, na cheti changu mama amekihifadhi kwenye sanduku pamoja na vitenge vyake, chini kabisa, mahali ambapo mgeni hawezi kukiona kwa bahati mbaya. Yeye aliendelea. Mwaka ule alikuwa amepewa ruhusa ya masomo, anasoma shahada ya uzamili, na utafiti alikuja kuufanya kwenye shamba la misindano, misonobari ya mbao, alilotuachia marehemu baba. Alikuwa anachunguza fuko.

Nilidhani ananitania.

"Fuko?"

"Fuko."

"Hawa wanaomaliza viazi vya mama?"

"Hao hao."

"Tembo wameisha nchi hii?"

Akanieleza kwa uvumilivu, kama anavyowaeleza wanafunzi wa dawati la nyuma. Fuko anapochimba chini ya msitu wa kupandwa, udongo wa chini unapanda juu, na majani makavu ya misindano, yale yanayoanguka kama sindano na kujilundika, yanafukiwa. Je, udongo uliogeuzwa hivyo unashika maji zaidi au unayaachia? Mche ukipandwa juu ya kilima cha fuko unakua au unadumaa? Wenye mashamba ya miti kwetu wote wanaamini fuko ni adui, anatafuna mizizi, auawe. Yeye alitaka kupima kabla ya kuamini.

Shamba lenyewe liko mteremkoni, na ni vizuri nilieleze mapema kwa sababu kila kitu kilichotokea baadaye kilitegemea mteremko huo. Chini kabisa ni bonde la nyasi na mabua ya mahindi. Ukipanda kutoka bondeni unaingia kwenye misindano yetu ya chini, mikubwa, iliyokuwa imebakiza muda mfupi ivunwe. Ukiendelea kupanda unafika kwenye mkanda ambao fuko wameugeuza mtaa wao, vilima vya udongo mwekundu huku na huku, miti imeachana. Juu ya mkanda huo inaanza misindano ya bibi jirani yetu, mjane, aliyoipanda na marehemu mumewe. Baada ya hapo ni nyumba zetu na kanisa.

Mdogo wangu alipima ploti zake kwenye mkanda ule wa katikati, akazungushia kila moja vitambaa vyekundu. Yeye aliita ploti. Mimi niliita vyumba, na fuko wake niliwaita wapangaji.

"Afadhali wewe una wapangaji," mama akasema akimenya viazi. "Huyu kaka yako hana hata mgeni."

Kazi ilikuwa hivi. Mdogo wangu alitakiwa achote udongo kwenye vilima vilevile mara mbili: mara ya kwanza kiangazi kikiwa kimekauka kabisa, mara ya pili baada ya mvua za kwanza. Katikati ya hapo pasiguswe. Mtu akilima, akichimba, akitega, hakuna tena cha kulinganisha. Na ruhusa yake ilikuwa inaisha Januari, shule zikifunguliwa. Hakuwa na kiangazi kingine cha kujaribia. Mvua zikimkuta na ploti nzima, atapata shahada yake. Zikimkuta na ploti zilizovurugwa, atarudi kusahihisha madaftari kama alivyoondoka.

"Kaka, kazi yako ni moja tu," akaniambia. "Kukaa."

"Hiyo naiweza."

"Kukaa msituni."

Nikaomba muda wa kufikiri. Mama akanipa jembe na kofia ya sufu, ndio ukawa muda wenyewe.

Msitu wa misindano hauna makelele. Ukikaa humo peke yako unasikia mpaka tumbo lako. Nilikuwa natoka asubuhi na chupa ya chai, nazunguka vyumba vyote, nasalimia wapangaji, halafu naegemea mti na kujihurumia. Fuko haonekani. Unachoona ni udongo unatikisika kidogo juu ya kilima, unapanda, unatulia. Siku ya kwanza niliyoona hivyo niliruka kama nimeona nyoka. Kufika wiki ya pili nilikuwa nawaambia, "Haya, haya, sukumeni, kodi ya mwezi huu nani hajalipa?"

Aliyeniharibia kazi ni mama. Kwa nia njema, na kanisani.

Usharika wetu ukiisha kusikia mahubiri hukaa kusikiliza matangazo, na hapo ndipo watu huacha kusinzia. Mama alikuwa ameona mwanawe ana wasiwasi kwamba watu watatega fuko wake, maana fuko kwetu ni mboga, na mboga nzuri. Bila kumwambia mtu akamfuata mzee wa kanisa, akampa tangazo. Tukiwa tumekaa, mimi na mdogo wangu benchi moja, tukasikia: "Washarika mnaombwa sana msitege fuko kwenye ile misindano ya katikati, sehemu yenye vitambaa vyekundu, kwani ndiko waliko wengi."

Mdogo wangu akanigeukia polepole.

"Si mimi," nikasema.

Watu wa mabenchi ya mbele walikuwa wameshaanza kunong'onezana.

Mtego wetu wa fuko ni rahisi. Unafukua njia yake, unaweka kitanzi cha waya, unakunja fito ardhini. Fuko akija kuziba njia anafyatua, fito inasimama wima naye ananing'inia. Asubuhi moja nikiwa nimekwenda kisimani mara moja tu, niliporudi nilikuta fito zimesimama kwenye ploti mbili kama bendera za shule. Kila fito iliyosimama ilikuwa imeshachukua mpangaji.

Jioni bibi jirani akaja na sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine.

"Kamwene, wanangu."

"Kamwene, bibi."

"Nimesikia mwalimu anawatafuta fuko. Nikasema, mtoto wa watu asihangaike, ana masomo." Akafunua. Fuko alikuwa amechomwa vizuri, amepakwa chumvi.

Mdogo wangu aliiangalia ile sahani kama mtu anayeangalia barua ya msiba. "Umemtoa wapi, bibi?"

"Palepale kwenye vitambaa. Si ndiyo alama yenyewe?"

Sikuthubutu kucheka. Wala kula sikuthubutu, na harufu ilikuwa nzuri, Mungu anajua. Mdogo wangu alimshukuru bibi kwa sauti ndogo, akatoka nje, akakaa kwenye jiwe karibu na choo ambako simu inashika mtandao, bila kumpigia mtu.

Kesho yake alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, ukaitishwa mkutano. Sijawahi kumwona vile. Alisimama mbele ya wazee waliombeba mgongoni akiwa mtoto, akawaambia ploti mbili zimekufa, zilizobaki zinatosha kwa kubana, na ikipotea hata moja zaidi, masomo yake yamekwisha. Watu wakaona haya. Mwenyekiti, mtu mpole mwenye mafua ya kudumu, akapitisha azimio: asivuke mtu vitambaa vyekundu kwa sababu yoyote ile. Atakayevuka, faini mbuzi.

"Hata ng'ombe akivuka?" akauliza mmoja.

"Hata mchungaji akivuka," akasema mdogo wangu, na hapo hakuna aliyecheka.

Basi wakaviogopa vile vitambaa. Wanawake waliokuwa wakipita na kuni walizunguka mbali. Hata bibi jirani akawa anasimama nje ya mstari na kuniita kwa kupunga mkono, kana kwamba nimekaa ndani ya benki.

Kiangazi kikakaza. Oktoba kwetu ni mwezi wa kutazama bondeni. Nyasi zimekauka, upepo unapanda mteremko mchana kutwa, na kila moshi unauhesabia umbali. Mpakani mwa msitu na bonde ipo barabara ya moto, ukanda unaotakiwa kulimwa kila mwaka ubaki udongo mtupu ili moto ukifika ukose chakula. Kila kaya ina kipande chake. Mwaka ule watu walikuwa kwenye vibarua vya maparachichi na mbao, vipande vikaota nyasi. Chetu mama alikilima mwenyewe, mimi nikimpelekea chai. Kikabaki peke yake pale mpakani kama jino kwenye ufizi.

Udongo wa kiangazi ulipokwisha kuchotwa, nilimsindikiza mdogo wangu kuupeleka Makambako ukapande basi la kwenda chuoni. Niliubeba mgongoni katikati ya stendi, magari ya mizigo ya Zambia yakinipulizia vumbi, nikijiuliza ni dhambi gani ninayolipia. Konda akaubonyeza mzigo kwa kidole.

"Dada, hii ni dhahabu?"

"Ni udongo."

"Udongo wa nini?"

"Wa fuko."

"Mnachimba dhahabu nyie, msinifiche."

"Ingekuwa dhahabu," mdogo wangu akamwambia, "ningekuwa napanda basi lako?"

Alikuwa amechangamka siku ile. Nusu ya kazi ilikuwa imeondoka na lile basi. Akaninunulia chipsi mayai, tukaketi, akaanza kunihesabia: mvua zikinyesha katikati ya Novemba atachota tena, Desemba ataandika, Januari atarudi darasani na kazi imeisha. Nikamuuliza nikimaliza ulinzi nitapewa cheti. Akasema atanipa, na hicho tutakitundika ukutani. Ndipo simu yangu ikaita.

Mama huongea na simu kwa kupiga kelele, kwa sababu anaamini umbali ni umbali. Hata muuza chipsi alisikia.

"Moshi!"

"Wapi, mama?"

"Bondeni!"

"Bonde lipi?"

"Mabonde yako mangapi? Rudini!"

Tulipanda bodaboda moja, mshikaki, mdogo wangu katikati, mimi nyuma nimeshika chuma cha kubebea mizigo na kumwomba Mungu kwa lugha zote mbili ninazozijua. Tulipomaliza mlima wa mwisho tukauona, si uzi wa moshi wa mtu anayechoma mabua, bali ukuta, mweusi chini na wa kijivu juu, umeinama kuelekea kwetu.

"Upepo unatoka wapi?" mdogo wangu akamuuliza dereva.

"Unatoka bondeni, dada. Unapanda."

Akanishika goti, akaliminya. Nadhani hakujua ni goti la nani.

Kanisani ile rimu ya gari inayotumika kama kengele ilikuwa inagongwa bila kupumzika. Watu walikuwa wamekusanyika kwenye njia ya juu ya msitu na majembe, mapanga na ndoo. Nani aliwasha moto ule, mpaka leo hakuna anayesema. Ulikuwa unakula nyasi za bonde kwa sauti kama ya mvua kwenye bati, na bado haujafika kwenye misindano. Mama alikuwepo, kitenge amekifunga kiunoni. Bibi jirani alikuwa amesimama karibu yake ameshika ndoo ya maji ambayo isingezima hata jiko langu. Anaitazama miti yake.

"Tushukeni mpakani," mwenyekiti akasema akipangusa pua. "Tukailime upya barabara ya moto, tuuzuie usiingie kabisa."

Ndivyo ilivyozoeleka, na watu wakaanza kushuka. Mimi nikasema kwa sauti, "Ndiyo, twendeni chini!" Nilishapiga hesabu. Moto ukizuiwa mpakani, misindano yetu inapona, ploti zinapona, bibi anapona, na mimi naenda kulala. Nilimtazama mdogo wangu nikitegemea atakuwa wa kwanza kukimbia.

Alikuwa amesimama. Alikuwa anatazama chini mteremkoni, halafu moto, halafu chini tena, na midomo inacheza kama mtu anayejumlisha.

"Mwalimu?" mwenyekiti akamwita.

Angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angemlaumu, maana wote walikuwa wameshakubaliana.

"Huko chini jembe haligusi udongo," akasema. "Nimechimba pale. Majani ya misindano yamejilundika juu ya nyasi, unalima, unalima, bado ni majani. Mtakuwa mnayakokota, na moto umeshafika miguuni mwenu."

"Hata tukiwa wengi hivi?"

"Hata mkiwa wengi. Na ukiwapita hapo, unapanda mpaka kanisani."

"Sasa tukate wapi?"

Upepo ulituletea majivu ya kwanza, mepesi, yakatua juu ya kofia ya mwenyekiti. Mdogo wangu akageukia upande wa ploti zake. Mimi nilikuwa nimeshaelewa, nikaanza kutikisa kichwa kumwonyesha, hapana, hapana, subiri kidogo, tufikiri. Hakuniangalia.

"Kwenye vitambaa," akasema. "Pale udongo uko juu. Fuko wameshalima nusu."

Tuliteremka mpaka kwenye mkanda, watu wote, tukikimbia na kuteleza. Na pale kwenye vitambaa vyekundu wakasimama.

Sijui nilieleze vipi jambo hili lieleweke kwa mtu asiyetujua. Moto uko chini yetu, unasikika. Majembe yako mikononi. Na kundi zima la watu wazima limejipanga kwenye mstari wa vitambaa vilivyochanwa kutoka kwenye khanga kuukuu, hakuna anayeinua mguu. Walikuwa wamekatazwa mkutanoni, na aliyewakataza alikuwa binti huyuhuyu, na walikuwa wameshamkosea mara moja. Safari hii waliamua kumtii sawasawa.

"Ingieni!" mdogo wangu akapiga kelele.

Mwenyekiti akakohoa. "Mwalimu, tulikubaliana. Kwa sababu yoyote ile, tulisema."

"Nimefuta! Ingieni!"

"Mbuzi," mtu akanong'ona nyuma, na mwingine akamkemea.

Mdogo wangu akashika kitambaa cha kwanza kukifungua. Fundo lilikuwa limekaza kwa jua, vidole vyake vikawa vinateleza, akaling'ata kwa meno, likagoma. Akaacha. Akanigeukia. Uso wake ulikuwa umelowa na sikujua ni jasho au ni nini.

"Kaka," akasema. "Wewe ndiye mlinzi. Anza."

Katika kijiji kizima, kama ungetafuta mtu wa mwisho ambaye watu wangemfuata kwenye kazi ya jembe, ungeletewa mimi. Nilikuwa nimezoea kuchekwa kwa jembe. Nikavuka kitambaa. Nilisimama juu ya kilima ambacho nilikuwa nakisalimia kila asubuhi, nikainua jembe, nikasita, na nikamsikia mama nyuma yangu: "Piga, mwanangu, usiwe kama unachungulia sufuria."

Nikapiga. Jembe lilizama mpaka kwenye mpini. Nilitegemea kugonga, nikakuta kama unga.

Hapo wakaingia wote. Sikuwahi kuona watu wakilima vile. Wenye majembe walikwenda mbele, wenye mapanga wakikata vichaka na matawi, wanawake wakikokota majani na kuyatupa upande wa chini. Vitambaa vilikanyagwa, vijiti vya alama vikavunjika, vilima vyote alivyovipa namba vikawa mtaro mmoja mwekundu unaokatiza mteremko. Mdogo wangu alikuwa katikati yao analima kwa nguvu mbaya, bila mpangilio, kama mtu anayempiga mtu.

Mtaro ulipofika ng'ambo, mwenyekiti akamjia mama. Kilichobaki ni kuwasha moto wetu wenyewe kutoka kwenye mtaro, ushuke kuupokea ule unaopanda, ikutane na kukosa chakula. Lakini kati ya mtaro na bonde ilikuwa misindano yetu ya chini.

"Mama, itabidi tuwashe kwako."

"Washeni," mama akasema. "Mnaniuliza mimi, huo moto wenyewe uliniuliza?"

Wakawasha.

Kilichofuata nakikumbuka vipande vipande. Joto lilitusukuma nyuma kama mkono. Utomvu wa misindano ulikuwa unapasuka kwa mlio wa risasi, na kila mlio bibi jirani anasema "Yesu," polepole, kama anayeitikia. Mioto miwili ilipokutana ikasimama juu kuliko miti, na kijinga kimoja cha moto kikaruka mtaro, kikatua kwenye majani ya bibi. Kilikuwa karibu na mimi. Nilikipiga kwa tawi bichi, tawi likaisha, nikakipiga kwa mkono wenye sweta, na nilipotazama tena kulikuwa na watu wanne wanakanyaga mahali palepale na mimi wananivuta kola nisisimame njiani. Mkono wa kushoto wa sweta ulikuwa umeungua mpaka kwenye kiwiko. Mtu akanimwagia ndoo ya bibi. Hiyo ndiyo kazi ndoo ile iliyoifanya.

Moto haukuvuka tena. Jua lilipoanza kupoa, chini ya mtaro kulikuwa na nguzo nyeusi zinazofuka. Juu ya mtaro misindano ya bibi ilikuwa ya kijani, isipokuwa michache ya pembeni iliyobabuka.

Mdogo wangu aliketi kwenye udongo, anaokota vitambaa na kuvikunja kimoja kimoja juu ya goti. Bibi jirani akaja akakaa karibu naye, kwa shida, miguu ameinyoosha.

"Fuko wako wamekufa?"

"Sijui, bibi. Wako chini."

Bibi akafikiri. "Yule niliyemchoma," akasema, "nilimchoma kwa nia njema."

Mdogo wangu akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi na hakikufika mwisho. Bibi akamvutia kichwa begani kwake, na sisi wengine tukapata kazi ya kufanya upande wa pili.

Siku iliyofuata alisimama kwenye jiwe karibu na choo akampigia msimamizi wake wa chuoni. Mimi nilikuwa nachambua maharage mlangoni, na nilichambua polepole sana.

"Ndiyo, daktari… Hapana, hazikuungua. Zimelimwa… Zote." Akahamishia simu sikio la pili. "Mimi mwenyewe."

Aliporudi alitueleza mara moja, kwa kifupi, hakurudia. Udongo wa kiangazi aliokwisha kuupeleka hauna tena mwenzake. Ruhusa haiongezwi. Chuo hakitamfuta, akitaka anaweza kuanza upya na swali jingine palepale kwenye mtaro, udongo uliogeuzwa ukiwa kati ya ulioungua na usioungua, lakini ni kuanzia mwanzo, kwa siku zake za mapumziko, na hakuna anayemwahidi kitu. Na kwanza lazima wapangaji wawepo. Kama walikufa kwa joto au walihama, hakuna hata swali.

"Utaanza?" mama akauliza.

"Sijui, mama."

Akarudi Makambako kabla hata Januari haijafika, akasema anaenda kuandaa masomo. Nyumbani hatukutaja neno fuko. Mama akiona kilima cha udongo kwenye viazi vyake alikuwa anakipita kimya, na mama si mtu wa kupita kitu kimya.

Mvua zilichelewa mpaka Januari, shule zimeshafunguliwa, halafu zikaja zote pamoja. Asubuhi ya pili ya mvua nilikuwa nimekaa vizuri kabisa, chai iko motoni, kuku wako bandani, nikajikuta navaa kofia. Hakuna aliyenituma. Mama alinitazama mpaka mlangoni kama anayeangalia mgonjwa aliyeinuka kitandani.

Msitu ulikuwa unanuka majivu yaliyolowa. Chini ya mtaro kila kitu cheusi. Nilitembea juu ya mtaro wenyewe, taratibu, nikitazama. Hakuna kitu. Nikaendelea mpaka sehemu ya katikati, mahali nilipopigia jembe la kwanza, na pale pale kulikuwa na kilima. Kidogo, kipya, kimesimama juu ya majivu kikiwa chekundu. Hatua kadhaa mbele kilikuwepo kingine. Nilichuchumaa. Udongo ukatikisika, ukapanda kidogo, ukatulia.

Nilipanda mpaka njia ya juu ambako mtandao unashika, nikampigia.

"Wamerudi."

"Nani?" Nyuma yake nilisikia watoto wanapiga kelele, darasa limeachwa.

"Wapangaji."

Kelele zikapungua, nadhani alitoka nje.

"Wangapi?"

"Mimi mlinzi, si mtafiti."

"Uko wapi sasa hivi?"

"Msituni."

"Wewe? Na mvua hii?"

"Usinitangaze."

Nilimsikia anavuta pumzi kwa pua, kama alivyokuwa akifanya utotoni kabla ya kuruka mto.

"Kaka, usikanyage kitu. Tafuta chochote ukiwekee alama kila kilima, kabla mvua haijavisawazisha. Ninakuja Jumamosi."

"Vitambaa vyekundu?"

"Hapana!" akasema haraka. "Rangi yoyote, isiwe nyekundu. Na kaka."

"Ee."

"Mama asijue mpaka Jumapili ipite."

Akakata. Nilijipapasa mifukoni: kiberiti kilicholowa na funguo za banda la kuku. Nyumbani kulikuwa na vitambaa, lakini nyumbani kulikuwa na mama. Sweta langu lilikuwa la bluu. Nikalivua palepale kwenye mvua, nikatafuta mwanzo wa uzi, nikaanza kulifumua, kwanza mkono wa kushoto, ambao ulikuwa umeshaungua.